Balozi na Swali la Mama Yangu

Hapa Kibugu ukisema "Balozi" hakuna atakayekuuliza balozi yupi. Tulikuwa na mmoja tu, na huyo mmoja alitutosha. Jina lake lipo, tena refu, limo kwenye magazeti ya zamani kwa yeyote anayelitaka. Mimi sitalitaja. Alizaliwa wapi na babake alikuwa nani, hayo yalisemwa na wasemaji wa mazishi yake, nao waliyasema wakapitiliza. Nilikaa chini ya hema siku hiyo nikisikiliza jinsi alivyopatanisha nchi hii na ile, nikawa najiuliza hawa watu wa Nairobi wamekuja kumzika nani.

Mimi namjua mwingine. Namjua mzee mrefu aliyepita katikati ya majani chai yake miguu mitupu, suruali ya suti imekunjwa hadi magotini, mvua ikimnyeshea naye hana haraka. Shamba lake limepakana na letu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka nilipostaafu, na kwa miaka hiyo yote nilimtazama mtu huyu kupitia ua wa miti, nusu nikimchukia, nusu nikitamani aje tuongee. Moyo wa mtu ni kitu cha ajabu, wangu hasa.

Nianze na miguu, maana kila mtu kwetu huanza na miguu. Balozi hakupenda viatu. Mtu aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, aliyepewa viatu vya ngozi laini katika miji ambayo sisi tuliisoma kwenye jiografia tu, alikuwa akivivua kila alipopata nafasi. Dereva wake alituambia kwamba mlango wa gari ukifungwa tu pale uwanja wa ndege, viatu viko chini ya kiti. Kuna picha moja ya gazeti ambayo ilizunguka kijijini mpaka ikachanika: wakubwa wameketi kwenye meza ndefu wanatia saini mkataba wa mpaka, na chini ya kitambaa cha meza, upande wa mwisho kabisa, inaonekana soksi. Wageni waliona hicho ni kichekesho cha mzee wa shamba. Sisi hatukucheka. Tulikuwa na maelezo yetu, na maelezo hayo yanatoka wakati wa Hali ya Hatari.

Wakati huo mimi nilikuwa mtoto wa kushika gauni la mama. Serikali ya wakoloni ilikuwa imetutoa mashambani na kutusonga katika kijiji kimoja karibu na Kanja, nyumba zimebanana, homugadi, wale askari wenyeji wa serikali, wakilinda lango, ili vijana waliokuwa msituni wakipigania uhuru wasipate chakula kutoka kwetu. Watu waliitwa kwa zamu kwenye boma la mkuu wa kambi, mzungu tuliyemwita Kamanda, wakahojiwa nani amekula kiapo na nani anapeleka uji msituni. Kamanda hakujua neno la Kiembu. Aliyemtafsiria alikuwa kijana mmoja aliyetoka shule ya misheni juzijuzi, anayesema Kiingereza kisichokwaruza. Huyo ndiye aliyekuja kuwa Balozi. Kazi yake ya kwanza ya diplomasia, kama unataka kuiita hivyo, ilikuwa kusimama kati ya Kamanda na mtu aliyefungwa mikono, akibadilisha maneno ya huyu kuwa ya yule.

Alikuwa na raba za kahawia. Kijiji kizima kilikuwa kinatembea miguu mitupu, kwa hiyo raba hizo zilijulikana kuliko uso wake. Watoto tulizitambua alama zake kwenye matope.

Baba yangu alichukuliwa alfajiri moja akienda kukamua ng'ombe. Mama aliambiwa anahojiwa tu, atarudi. Siku kadhaa baadaye tuliamriwa wote kutoka na kupanga mstari uwanjani, wanaume kwa wanawake. Ndipo alipoletwa mtu aliyevishwa gunia. Kwetu tulikuwa tunaliita gakunia, yaani kagunia, jina dogo la kitu kibaya. Lilimfunika kutoka kichwani mpaka chini ya magoti, limetobolewa matundu mawili ya macho. Alipitishwa mbele ya kila mtu polepole, akishikwa mkono. Akitikisa kichwa mbele yako, umekwisha. Siku ile alitikisa kichwa mbele ya wanaume wawili, na hao walipandishwa lori papo hapo. Mmoja wao alirudi baada ya miaka akichechemea, naye ndiye aliyekuja kuwa baba mkwe wangu.

Chini ya gunia kulikuwa na raba za kahawia. Kila mtu aliziona. Na kijana mkalimani, ambaye hakukosekana kando ya Kamanda siku yoyote, siku hiyo hakuonekana mahali. Kijiji kilijumlisha moja na moja. Kuanzia hapo, kwa watu wetu, aliyekuwa ndani ya gunia alikuwa na jina: yule kijana msomi wa misheni.

Baba yangu hakurudi. Hatukupewa mwili, hatukupewa neno.

Sasa utaelewa kwa nini mtu huyu, hata alipopanda cheo mpaka bendera ikawa inapepea kwenye gari lake, hakuwahi kuomba kura kwetu. Alijua asingepata hata ya mbwa. Ubunge wake ulikuwa wa kuteuliwa, na uwaziri wake ulikuja juu ya huo. Baba mkwe wangu akisikia gari lile linapanda mlima alikuwa anaweka kikombe chini na kutema mate. "Huyo ni wa kutikisa kichwa," alisema, na mume wangu, ambaye wakati wa yote hayo hakuwa na umri wa kukumbuka, alitema mate pamoja naye kwa heshima tu. Hata hivyo watu hao hao, wakitaka pasipoti au mtoto akikosa nafasi ya shule, walikuwa kwenye foleni mlangoni pa Balozi kabla jogoo hajawika. Tulimchukia tukiwa tumepanga mstari kumwomba msaada. Yeye aliwasaidia wote, hata wale waliomtemea mate, na sikumbuki kumsikia akikumbusha mtu.

Alikuwa na tabia moja ya kukera. Ukimwambia jambo, kabla ya kujibu alikuwa analirudia kama ulivyolisema, bila kuongeza wala kupunguza. Mkewe, mwanamke wa Meru mwenye ulimi mwepesi, alikuwa akinilalamikia sokoni. "Mwalimu, naambia huyu mzee chakula iko tayari. Anasema, umesema chakula iko tayari. Si ukuje ukule basi? Anataka nipige sahihi?" Tulicheka mpaka watu wakageuka. Lakini nikaja kugundua kwamba ukisikia maneno yako mwenyewe yakirudishwa hivyo, unaona mahali ulipodanganya. Nadhani ndiyo sababu watu wa nchi nyingine walimheshimu, na ndiyo sababu hakuwa na rafiki wengi.

Ukimharakisha alikuwa na jibu moja: "Bado nasikia." Ungemuuliza bei ya maziwa, bado anasikia. Kamati ya maji ilimwomba awe mwenyekiti, akasema bado anasikia, mpaka tukachagua mwingine. Nafikiri kwake hilo lilikuwa jibu kamili.

Nilimwalika mara moja aje kuongea na darasa langu la saba. Alikuja, akaketi kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yake yakamfika kifuani. Msichana mmoja wa mbele akamuuliza balozi hufanya kazi gani.

"Anabeba maneno ya mtu mmoja anapelekea mwingine," alisema, "na hatakiwi kumwaga hata tone."

"Na akimwaga?"

"Watu wanaweza kufa."

Yule msichana hakuridhika. "Na asipomwaga?"

Nilidhani Balozi ataanza ule wimbo wake wa bado nasikia. Badala yake alisema, "Pia," kisha akaomba maji. Watoto walidhani ni mzaha wa wazee. Mimi niligeuka nikafuta ubao ambao tayari ulikuwa safi.

Kuna jambo alilowafanyia wakalimani ambalo nililisikia kwa watu wa Wizara waliokuja kumtembelea. Mahali popote alipokwenda kwa mazungumzo, mkalimani hakusimama. Kama hakuna kiti, Balozi aliondoka kwenye chake. Mara moja, viongozi wawili wakiwa wamepandishana hasira, mkalimani, mama wa makamo, alianza kutetemeka sauti. Balozi alisimamisha kikao kizima, wakubwa wote wakabaki midomo wazi, akamtoa yule mama nje na kukaa naye kwenye ngazi mpaka akapumua sawasawa. Alimuuliza jambo moja tu: kama kuna neno lililokuwa linamshinda kulibeba. Yule mama alikubali lipo. Akamwambia aliache pale kwenye ngazi, yeye mwenyewe ataliulizia. Wageni wake walisimulia kisa hicho kama ushahidi wa upole. Mimi nilikisikia kwa sikio lingine.

Uwaziri wake uliisha kama ulivyoisha wa wengi siku zile, kwa redio. Alikuwa mjini Maua, amealikwa chakula na mzee mmoja Mwislamu mwenye malori, rafiki yake wa tangu ujana. Taarifa ya saa saba ikaja, wakiwa wameketi kwenye sinia moja la pilau, na msomaji akataja kwamba waziri wa mambo ya nje ameachishwa kazi. Watu wote chumbani waliinama. Mwenye nyumba alinyoosha mkono azime redio, Balozi akamzuia akasikiliza mpaka utabiri wa hali ya hewa ya Nyambene. Kisha akaendelea kula. "Mheshimiwa," rafiki yake akamwambia, "umesikia lakini?" Akajibu, "Nimesikia vizuri. Huyu kijana anasoma wazi, hakumeza neno." Baada ya kunawa alitoka, akaifungua bendera ya gari kwa mkono wake mwenyewe, akaikunja na kumpa dereva. Wanaosimulia husema alikuwa mkakamavu. Mkewe aliniambia kwamba usoni alionekana kama mtu aliyeshushwa mzigo, na hilo lilimtia wasiwasi kuliko kama angelia.

Lakini yote hayo ni pembeni. Kati ya mtu huyu na nyumba yetu kulikuwa na swali moja, nalo lilikuwa la mama.

Mama hakukubali kuitwa mjane. Wanaume walipoanza kurudishwa kutoka kambi za kizuizini, alikuwa anakwenda Embu mjini kusimama wanaposhushwa, mpaka malori yakaisha. Hakuolewa tena. Hakutaka fidia, hakutaka pole. Alichotaka ni kuonyeshwa mahali. "Nikifa mtanizika wapi?" alituuliza, na tulipomwambia hapa shambani, alikasirika. "Mke anazikwa kando ya mume wake. Nitafutieni huyo wangu kwanza." Alipozidi kuzeeka jambo hilo likawa linamnyima usingizi. Alipougua kifua tukadhani anaondoka, hakuomba kitu kingine. Mimi niliyemuuguza nilikuwa nakasirika naye, halafu najikasirikia mwenyewe.

Mara moja aliuliza hadharani. Balozi alikuwa bado Waziri, na kulikuwa na mkutano Kanja, wageni wa kizungu wameletwa kuona kiwanda cha kahawa walichokisaidia. Mimi nilikuwa mwalimu mpya, nimesimama na kwaya ya watoto pembeni ya jukwaa. Wimbo ulipokwisha na Waziri akashika kipaza sauti, nikaona kitambaa cha kichwa ninachokijua kinainuka katikati ya wanawake. Nikataka ardhi inimeze.

"Wewe uliyekuwa pale," mama alisema kwa Kiembu, na sauti yake haikuhitaji kipaza, "mume wangu yuko wapi?"

Chifu alinyanyuka ili mama aketishwe. Waziri akainua mkono, chifu akarudi chini. Kisha akafanya jambo ambalo wazee wa Kanja hulizungumza mpaka leo. Alisema kwenye kipaza sauti, kwa Kiembu, "Mama anasema, wewe uliyekuwa pale, mume wangu yuko wapi." Akalisema kwa Kiswahili, kwa ajili ya polisi na wafanyabiashara wa mjini. Halafu akawageukia wageni akalisema kwa Kiingereza. Hakulipunguza, hakulilainisha. Alijitafsiria mashtaka yake mbele ya umati kwa lugha tatu, na alipomaliza, hakukuwa na mwingine wa kujibu ila yeye.

Alisimama na kile chuma mkononi. Mwisho akasema, "Mama, bado nasikia." Watu wakaguna. Baba mkwe wangu, ambaye wakati huo hakuwa baba mkwe bado, akacheka kwa sauti. Mama alikaa chini. Nilitazamia amlaani, lakini alikaa tu, akajifunga kitambaa upya.

Baada ya kustaafu Balozi alihamia Kibugu moja kwa moja. Alikuwa anasalimiana na mama kanisani, mkono kwa mkono, wote wawili wakitazama chini. Haikupita siku Balozi asimwone mama ng'ambo ya ua, wala mama asijue Balozi yuko upande gani wa shamba lake. Nilidhani ni chuki. Nilikuwa nimekaa katikati yao muda mrefu hivyo, na bado nikakosea.

Balozi alikuja siku chache baada ya mazishi ya baba mkwe wangu. Ilikuwa alasiri, ile mvua ya rasharasha imeshika. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda barazani kwangu, anachambua maharagwe ya njahi kwenye ungo. Balozi alipanda ngazi kwa fimbo, dereva wake akabaki garini. Nilimpa kiti. Walizungumza Kiembu cha zamani, nami nakiandika kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza.

"Mama, nimekuja kwa ajili ya lile swali."

"Limekomaa," mama alisema bila kuacha njahi.

"Nikilijibu, kuna jambo jingine litatoka nalo. Siwezi kutoa moja nikabakiza jingine. Na Mwalimu huyu ameolewa katika nyumba ile."

"Mwenye nyumba ile tumemzika. Nami nilikuwa nangoja aende. Sema."

Mtu aliyeongea mbele ya mataifa alikuwa anatafuta pa kushika. Mama akasogeza ungo kando.

"Unaogopa kuniambia kwamba aliyevishwa gunia alikuwa mume wangu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilishika mwimo wa mlango. Balozi alimtazama mama kwa macho ya mtu aliyeamshwa ghafla.

"Nani alikuambia?"

"Nilimpikia, nikalala kando yake. Unadhani mume akifunikwa kichwa, mke wake atampoteza? Alisimama mbele yangu akaegemea mguu wa kushoto, vile alivyokuwa akifanya akichoka. Nikamjua. Nikamwomba Mungu asitikise kichwa. Halafu nikamwomba atikise, nipelekwe alipo. Akasimama tu, mpaka wakamvuta."

Nilihisi hasira mpaka masikio yakawaka. Baba yangu ndiye aliyemtikisia kichwa baba mkwe wangu. Nilikuwa nimekula katika nyumba ile, nimezaa katika nyumba ile, nimetema mate pamoja nao, na mama alikuwa anajua. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Alinijibu kwa utulivu ulioniumiza.

"Ungeolewa na nani hapa? Ndugu zako wangekaa na nani?" Kisha akamgeukia Balozi. "Nilikuacha wewe ubebe lawama hiyo. Ulikuwa na gari, nikaona utaweza. Hilo ni langu, nitalijibu kwa Mungu."

"Raba zilikuwa zangu," Balozi alisema. "Miguu yake walikuwa wameiumiza, Kamanda hakutaka watu waione. Akaniambia nivue. Nilikaa kibandani miguu mitupu mpaka mliporudishwa majumbani." Safari hii hakuna aliyemharakisha. "Kesho yake wakamletea tena lile gunia, wampeleke kijiji kingine. Akakataa. Akaniambia mimi, kwa lugha yetu: waambie sivai tena, nimemwona mke wangu. Kamanda akaniuliza amesema nini."

"Ukamwambia."

"Nikamwambia neno kwa neno. Hakukuwa na mtu mwingine pale anayejua lugha zote mbili. Ningeweza kusema ana homa. Ningeweza kusema anaomba apumzike kidogo. Ningeweza kusema chochote, Mama. Nilisema alichosema."

Mvua ilikuwa inagonga mabati polepole. Mama alikuwa ameweka mikono mapajani. Sikumbuki kuiona mikono yake mitupu hivyo.

"Yuko wapi?"

"Unalikumbuka handaki."

Alilikumbuka, na mimi pia. Kijiji kile kilikuwa kimezungukwa na handaki refu lenye miti iliyochongwa ncha, na wanawake ndio waliolichimba kwa kazi ya kulazimishwa.

"Kona ya chini, upande wa mto," Balozi alisema. "Asubuhi iliyofuata mliambiwa mfukie kipande kile, kwamba maji yanasimama."

"Tuliambiwa hivyo. Na tulikuta udongo umeshamwagwa kidogo chini, na matawi. Nilikuwa mstari wa mbele. Jembe langu lilikuwa limelegea mpini, nikawa nagonga kila mara."

"Nilikuona. Nilikuwa nimesimama na Kamanda ukingoni."

"Na tulikuwa tunaimba."

"Mlikuwa mnaimba. Kamanda akaniuliza ni wimbo gani huo. Nikamwambia ni wa kanisa."

"Haukuwa wa kanisa."

"Ulikuwa wa vijana wa msituni, ule wa kumuaga aliyeanguka. Angeujua, angewafyatulia risasi pale pale." Balozi alikuwa analia sasa, bila sauti, mzee wa miaka yake, na hakujifuta. "Huo ndio uongo wangu wa kwanza wa kazi. Nimedanganya kwa niaba ya serikali miaka mingi baada ya hapo, na nimedanganya vizuri. Lakini ule wa kwanza nilichelewa nao siku moja."

Mama aliinua mikono yake akaitazama upande huu na upande ule, mikono ya mwanamke aliyelima maisha yake yote.

"Siku hizi pale ni nini?" aliuliza.

"Nyasi za ng'ombe. Ni shamba la mtu. Nimeongea naye, haulizi kitu."

"Miaka yote hii nawaambia watoto wangu hakuzikwa na mtu wake," mama alisema. "Kumbe nilimzika mimi, na wimbo nikamwimbia."

Kisha akaniambia nimletee sweta na viatu vyake vya mvua, tufike Kanja kabla barabara haijaharibika.